Kochi la Watu Watano

Katika karakana ile kochi halikutoka nje mpaka likaliwe na wote. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria, na haikuandikwa popote kwa sababu hakuna aliyewahi kuisahau. Fremu ikishapigwa misumari, sponji ikishajazwa na kitambaa kikishavutwa, mafundi waliacha kazi zao, wakajikung'uta vumbi la mbao, wakaja kuketi. Kaka Mkubwa alikaa kushoto kabisa, maana ndiye mwenyekiti. Akafuata Randa, fundi wa mbao, aliyebatizwa jina la kifaa chake. Akafuata Pipa, mtu wa sponji, ambaye ukimwona tu huulizi jina lake lilitoka wapi. Akafuata Kijiti, mshonaji, mwanamke pekee pale ndani na mdogo wake Kaka Mkubwa, baba mmoja mama mmoja. Na kulia kabisa mto mmoja ulibaki mtupu. Huo ulikuwa wa Baba.

Baba ndiye aliyeianzisha karakana, na yeye ndiye aliyeleta mtindo wa kulikalia kochi na watu wake kabla halijauzwa. Alikuwa akisema kwamba kochi likiwabana waliolitengeneza, aliyelinunua hatalipenda hata mwezi. Alipofariki, mafundi walirudi kazini baada ya msiba, wakakamilisha kochi lililoachwa nusu, wakaketi kama kawaida yao, na hakuna aliyethubutu kusogea. Basi ikawa hivyo. Kila kochi likawa la mito mitano, minne ya walio hai na mmoja wa marehemu.

Kijiti alimpenda baba yake kupita kiasi. Lakini mwaka ule alianza kuutazama ule mto mtupu kwa hasira, na hasira yenyewe ilimtia aibu, kwa hiyo akawa anaimeza. Hasira iliyomezwa haiyeyuki. Ilikuwa inamkaa kifuani kutwa nzima, akiwa kwenye cherehani, huku kaka yake akipiga mluzi upande wa pili wa karakana kana kwamba dunia imetulia.

Dunia haikuwa imetulia. Mtaa mzima ulikuwa umebomolewa. Zile nyumba za chini zenye milango mipana, ambazo ungeweza kuingiza kabati na mlango wake wazi, zilikuwa zimeangushwa moja baada ya nyingine, na mahali pake yakasimama maghorofa membamba yaliyobanana. Watu walikuwa walewale, na bado walihitaji pa kukaa. Kilichobadilika ni ngazi. Ngazi za maghorofa yale zilikuwa nyembamba, na katikati ya kila ghorofa zilikuwa na kona kali iliyochorwa na mtu ambaye bila shaka hakuwahi kubeba kitu kizito maishani mwake.

Wateja walikuja. Hilo ndilo lililomuumiza Kijiti zaidi, kwamba walikuja. Walipapasa kitambaa, wakaketi, wakajiegemeza, wakafumba macho kidogo kwa raha. Halafu walifungua macho wakauliza urefu, na wakishaambiwa walisimama.

"Zuri sana, mafundi. Lakini halipandi."

"Halipandi" lilikuwa neno la kila siku. Kaka Mkubwa alilisikia akatikisa kichwa kwa kuwahurumia wateja. "Kizuri chajiuza," alisema. Basi kochi la rangi ya damu ya mzee lilikaa pale mbele likijiuza, likajiuza, mpaka panya akazaa ndani yake.

Kijiti hakuweza kuvumilia. Siku moja, mteja mmoja mwanamke aliposema halipandi, alimfuata mpaka barabarani. Mwanamke huyo alikuwa mkunga, mtu wa makamo mwenye sauti ya kuamrisha, aliyehamia ghorofa ya juu kabisa ya moja ya majengo yale mapya.

"Mama, samahani. Naomba nije nione ngazi zenu."

Mkunga alimtazama juu mpaka chini. "Uone ngazi?"

"Nizipime."

"Haya. Nimezunguka kwa mafundi wote wa mji huu, kila mmoja ananipimia chumba. Wewe ndiye wa kwanza kutaka kupima ngazi. Twende."

Walipanda wote wawili, Kijiti akiwa na kamba yenye urefu wa kochi. Waliinyoosha kwenye kila kona, mmoja huku, mwingine kule, majirani wakipita juu yake na kuuliza kulikoni. Kamba ilizidi. Kijiti aliikunja pale ilipogonga ukuta, akaupima ule mkia uliobaki kwa mikono yake, maana mikono yake ilijua vipimo kuliko utepe. Ulikuwa sawasawa na mto mmoja.

"Mama," alisema, "tukipunguza mto mmoja tu, linapita."

"Basi punguzeni! Mwanangu, nisikilize. Nikisimama wadini kutwa nzima, nikirudi mgongo unawaka moto, nakaa juu ya kitanda kama mgonjwa. Na jengo hili zima liko hivyo hivyo. Mwalimu wa hapo chini anasahihisha madaftari akiwa amekaa juu ya ndoo. Niletee kochi moja, likipita, wote watakufuata wewe. Wanangoja tu mtu wa kwanza."

Kijiti alirudi karakana karibu anakimbia. Aliwaeleza yote, kamba, kona, mkia, mwalimu na ndoo yake. Kaka Mkubwa alimsikiliza kwa makini sana, akakubali kwa kichwa, akasema jambo hili ni zito, linahitaji kikao.

Vikao vya Kaka Mkubwa! Mtu angeweza kuzeeka ndani yake. Aliketi juu ya kopo la gundi, akafungua kwa kukohoa, akawashukuru wote kwa kufika, ingawa hakuna aliyekuwa na mahali pengine pa kwenda.

"Wateja wamebadilika," alisema. "Na sisi lazima tubadilike."

Kijiti karibu apige makofi.

"Kwa hiyo nashauri tuanze na bango. Bango letu limepauka."

Bango likapakwa rangi mpya, na Randa akalichorea kochi la mito mitano. Kikao kilichofuata kiliamua kila fundi avae aproni ya rangi moja, na Kijiti ndiye aliyezishona, ya Pipa ikala kitambaa cha watu wawili. Kikao kingine kiliamua kwamba mteja akiingia apokewe kwa kusimama na kukaribishwa kwa sauti ya pamoja. Mteja wa kwanza kukaribishwa hivyo alishtuka akarudi nyuma, akidhani amevamia mkutano wa watu. Karakana nzima ikabadilika, kochi likabaki vilevile.

Siku ya kikao cha nne au cha tano, Kijiti alikuwa ameshapoteza hesabu, alisema bila kuomba nafasi, "Tutoe mto mmoja. Basi. Hatuhitaji kingine."

"Upi?" aliuliza Kaka Mkubwa.

Randa aligeukia ubao wake. Pipa alitazama bati la paa kana kwamba lilikuwa na habari mpya. Kila mtu alijua ni upi.

"Unajua ni upi, Kaka."

"Nataka ulitamke."

"Mto wa Baba."

"Kwa hiyo mimi, mwanawe wa kwanza, ndiye nimfukuze kwenye karakana aliyoijenga kwa mikono yake. Ndivyo unavyotaka nikumbukwe."

"Baba hayupo, Kaka."

"Kwako wewe hayupo."

Maneno hayo yalimchoma Kijiti. Yeye ndiye aliyemuuguza. Yeye ndiye aliyemlisha uji kijiko kwa kijiko, akamgeuza kitandani, akafua mashuka yake, huku Kaka Mkubwa akija jioni na machungwa, anaketi kidogo, anaaga. Na sasa anaambiwa hana uchungu! Alitaka kumwambia hayo yote mbele ya wenzao, lakini alilelewa kutomvunjia kaka yake heshima mbele ya watu, na malezi nayo ni kamba. Akarudi kwenye cherehani, akashona mshono mmoja uliopinda, akaufumua.

Kaka Mkubwa hakuliacha jambo hilo. Baada ya siku chache alikuja na jawabu lake. Tatizo si kochi, alisema. Tatizo ni ubebaji. Watu wa siku hizi hawajui kubeba. Wao wenyewe watalibeba lile kochi la mito mitano mpaka juu kwa mkunga, bure, jengo zima lione, na aibu itawashika wote waliokuwa wakisema halipandi.

"Nilipima, Kaka," alisema Kijiti.

"Ulipima kwa kamba. Kamba haina akili."

Asubuhi walilibeba. Mkunga aliwafungulia mlango wa chini huku akiwa na wasiwasi usoni, akamuuliza Kijiti kwa macho, na Kijiti akainamisha kichwa. Ghorofa ya kwanza hawakuifikia. Kwenye kona Kaka Mkubwa aliamrisha linyanyuliwe kwa mbele, Randa akanyanyua, Pipa akasukuma, na kochi likaingia kwenye ile kona likatulia humo kama gego.

"Kushoto kidogo!"

"Kushoto kwangu au kwako?"

"Kushoto kwa kochi!"

Halikwenda mbele wala nyuma. Juu yake walijaa watu wa kwenda kazini, chini yake wale wa kutoka sokoni na mizigo. Mwenye tai alitaka kujua nani mwenye dhamana hapa. Mama mmoja aliyekuwa na mtoto mgongoni alisema haya ndiyo mambo ya kuajiri watu kwa kujuana. Kaka Mkubwa, jasho likimtiririka, aliwaambia wote wawe na subira kwa kuwa kazi nzuri haitaki haraka.

Ndipo mkunga aliyekuwa amepanda mbele yao akashuka na sare yake na mkoba wa kazi. Alikuwa amepigiwa simu. Kuna mama huko amepatwa na uchungu, na mtoto hajui kama kuna kochi njiani.

"Nipisheni."

"Mama, hapapitiki," alisema Pipa kwa unyonge.

Mkunga alivua viatu, akavitupia mkobani, akakunja sketi, akapanda juu ya kochi kama anayepanda ukuta wa jirani. Alipofika kileleni Pipa aliinama, na mkunga akashukia mgongoni mwake, kisha kwenye ngazi. Alipompita Kijiti alisimama kidogo kuvaa viatu.

"Mimi nilitaka pa kukaa, mwanangu. Sikutaka ukuta," alisema, akaenda zake.

Kochi lilitoka pale baada ya Randa kuling'oa mkono mmoja kwa nyundo. Walilirudisha karakana likiwa limechanika kitambaa ubavuni.

Kijiti alirudi kwenye jengo lile peke yake kuomba radhi. Jambo aliloliona humo lilimtisha kuliko aibu yote ya kwenye ngazi. Milango ilikuwa wazi kwa sababu ya joto, na alipokuwa akipanda alitazama ndani. Nyumba moja walikuwa wamekunja godoro ukutani, wakalifunika shuka, wamejiegemeza. Nyingine walipanga makreti ya soda na kuweka mablanketi juu. Mwalimu alikuwa ameiacha ndoo yake, sasa ana kiti cha plastiki na mto wa kulalia chini ya mgongo. Wote walionekana wametulia.

"Mnaendeleaje na hali hii?" Kijiti alimuuliza.

"Tumeshazoea," alisema mwalimu, na hakuinua macho kwenye madaftari yake.

Hilo ndilo lililomtisha. Mteja anayelalamika bado ni mteja. Mteja akishazoea, umekwisha, na wala hatakuja kukuaga. Mkunga naye hakumficha. Majirani walikuwa wamemshauri anunue godoro la pili amalize mambo.

"Nitakungoja mpaka mwisho wa mwezi," alimwambia. "Nakungoja wewe, si kaka yako. Mwezi ukipita, mwanangu, tusilaumiane."

Kijiti aliyapeleka maneno hayo karakana jinsi alivyoyapokea. Alimwambia kaka yake kwamba jengo lile likishapotea na mengine yatafuata, na karakana ya Baba itafungwa na mito yake yote mitano ndani. Hakupaza sauti. Alikuwa amechoka kupaza sauti. Kaka Mkubwa alimsikiliza akiwa amelishika lile kochi lililong'oka mkono, hakuitisha kikao, hakutoa methali. Siku zilizofuata hata mluzi aliacha.

Kijiti alikwenda kwa mkunga mara nyingine, kumwomba asikate tamaa, na aliporudi kaka yake alikuwa akimngoja mlangoni.

"Nimeamua," alisema. "Tutatengeneza la mito minne."

Kijiti alishika fremu ya mlango. Alijua neno hilo limemgharimu nini kaka yake, aliyekuwa akiupangusa vumbi ule mto mtupu kila Jumatatu akidhani haonekani. Aliingia chumba cha nyuma, kwenye mabunda ya vitambaa, akalia. Alilia kwa ajili ya Baba, na kwa ajili ya Kaka Mkubwa pia, na akajuta kwa yote aliyomwazia moyoni mwaka mzima. Kisha akajifuta uso akakata kitambaa. Alishona mito minne kwa mishono midogo sana, iliyonyooka, kazi bora kuliko zote alizowahi kufanya, huku upande wa pili nyundo ya Randa ikilia kwa bidii na Pipa akiimba.

Kochi lilikamilika kabla ya mwisho wa mwezi. Lilikuwa zuri, fupi, limejikusanya, lilionekana kama limezaliwa hivyo. Mafundi walijikung'uta vumbi wakaja kuketi. Kaka Mkubwa kushoto. Randa. Pipa, akihema. Mto wa mwisho kulia ulikuwa wazi, na Kijiti alivuta aproni yake nyuma akataka kukaa.

"Hapo ni pa Baba," alisema Kaka Mkubwa.

Kijiti alibaki ameinama nusu. Alidhani ni mzaha, akatabasamu, akatazama nyuso zao. Hakuna aliyecheka.

"Na mimi?"

"Wewe ni mwembamba, mdogo wangu, huwa huchukui hata nusu ya mto. Halafu kazi yako ni ya mishono. Mishono lazima mtu asimame ndio aione vizuri. Tumeona ni busara."

"Mmeona akina nani?"

"Kikao."

"Kikao kipi, Kaka?"

"Kile cha majuzi. Ulikuwa umekwenda kwa mkunga."

Alikuwa amekwenda kwa mkunga kuwaombea muda! Amepanda zile ngazi zote mpaka juu, amemshika mwanamke wa watu mkono, amemsihi, na nyuma yake wanaume watatu wameketi juu ya makopo ya gundi wakapiga kura kumwondoa. Alimtazama Randa. Randa alikuwa akijichokonoa kibanzi kidoleni, kibanzi ambacho hakikuwepo. Alimtazama Pipa, na Pipa macho yakamjaa maji, lakini mtu mwenye machozi asiyesema neno anamsaidia nani?

"Usikasirike," alisema Kaka Mkubwa kwa upole, na upole huo ndio uliomtia Kijiti wazimu. "Unakasirika nini? Si wewe uliyetaka mabadiliko?"

Kijiti aligeuka, akarudi nyuma hatua moja, akakaa. Alikaa kulia kabisa, kwenye ule mto wa mwisho, akajiegemeza, akaweka mikono yote miwili kwenye mkono wa kochi.

Randa alinyanyuka kana kwamba ameunguzwa. Kaka Mkubwa alisimama pia, uso umemwiva.

"Ondoka hapo."

"Siondoki."

"Ondoka hapo, nakuambia! Huo ni mto wa Baba!"

"Nimeushona mimi," alisema Kijiti. "Baba nimemuuguza mimi. Nimemlisha mimi, nimemgeuza mimi, na pumzi yake ya mwisho nimeisikia mimi wakati wewe uko njiani na machungwa yako. Usinifundishe kumkumbuka. Mwaka mzima nakubembeleza uwape nafasi watu walio hai, na ulipokubali kutoa nafasi moja, katika watu wote duniani, umenitoa mimi. Baba amekufa, Kaka. Mimi niko hapa, niko hai, na nimechoka kusimama."

Kaka Mkubwa alimtazama dada yake, akautazama mto, kisha akatoka nje uani, akasimama kwenye mabaki ya mbao akiwapa mgongo. Mabega yake yalikuwa yanatikisika. Kijiti aliyaona, na yalimuuma, na hakuinuka kumfuata.

Randa aliketi tena, taratibu. Pipa alijisogeza kidogo ili asimbane Kijiti, kwa adabu ya mtu anayekaa karibu na mgeni.

"Sasa," alinong'ona, "kwa kukaliwa, limepita au halijapita?"

"Limepita," alisema Kijiti. "Inukeni tulibebe. Mwezi unaisha."